Trekta la Theluji kwenye Tope la Kisarawe

Neema, aliyeachiwa kiti changu kazini (kiti chenyewe ni ndoo iliyopinduliwa pale stoo, asije akajidanganya), alinipigia simu wiki iliyopita.

"Shikamoo, mzee wangu. Nimekwama."

"Marahaba. Umekwama wapi, kwenye tope?"

Akacheka. Kumbe alikuwa amekwama kwenye barua. Rafiki zetu wa Ulaya, wale wanaokisaidia kituo cha afya cha masista huko Kisarawe, wameandika tena. Wanauliza tuletewe mashine gani ya kusafishia ile njia ndefu inayotoka kwenye lami mpaka getini, na kamati imemwachia yeye achague. "Si ndiye wewe uliyechagua ile ya kwanza?" akaniuliza. Sauti yake haikuwa na ubaya wowote, lakini nilihisi masikio yanapata moto.

Ndiyo, ni mimi niliyeichagua. Nikamwambia jibu la swali lake haliingii kwenye simu, anipe siku chache nimwandikie. Nina miezi mitatu tangu nistaafu. Niko nyumbani Pangani, hii ya kwetu Kibaha, nina matuta manne ya mchicha na mke anayenishangaa kila akinikuta ndani baada ya saa mbili asubuhi. Muda ninao. Habari za vyeo na mishahara sitaziandika, maana cheo nilikuwa nacho kimoja tu, na mshahara kila mtu anaujua wake. Nitaandika habari za koleo, reki, tope, na watu walionifundisha kazi. Ninyi wengine mtakaosoma na hamna njia ya kusafisha, someni tu, hamtapungukiwa na kitu.

Nilianzia Kongowe, hukuhuku Kibaha, kwenye eneo la chuo kimoja, nikifyeka majani. Mali yangu ilikuwa fyekeo na tupa ya kulinolea. Huko nilijifunza mambo mawili ambayo sikuyaacha mpaka nastaafu: kwamba chombo butu kinamchosha mtu kuliko kazi yenyewe, na kwamba bosi akipita lazima akukute umeinama. La pili nimelitumia zaidi. Mambo ya barabara sikuyajua hata kidogo. Nilipoitwa Kisarawe kwenda kusimamia mazingira ya kituo cha afya, nilidhani nakwenda kufyeka majani yaleyale, ila ya mlimani.

Nilifika masika yakiwa yameshaanza. Sista Kalista, msimamizi wa kituo, mwanamke mwembamba mwenye mwendo wa haraka, alinipokea na mwavuli mkononi, akanipeleka moja kwa moja getini. Hakunionyesha ofisi yangu, na baadaye niligundua ni kwa sababu haikuwepo. Akanyoosha mwavuli mbele. "Bwana Yeremia, kazi yako ndiyo hii." Njia inateremka kutoka getini, inavuka bonde dogo lenye kalavati, halafu inapanda mpaka kwenye lami. Mita mia tisa. Kila mvua kubwa ikinyesha, kilima cha upande wa kushoto kinateremsha tope na kulilaza barabarani.

"Hii ikifunga," akasema Sista, "mama mjamzito anashushwa kule kwenye lami, atembee. Na wengine hawawezi kutembea."

Nikavua viatu, nikakunja suruali.

Pale bondeni niliwakuta vibarua, wanawake sita, na kiongozi wao Bi Mwanahawa. Alikuwa amenizidi kama miaka kumi, mzaliwa wa hapohapo, mfupi, kanga ameifunga kiunoni juu ya suruali ya marehemu mumewe. Alikuwa amefanya kazi kwenye magenge ya barabara kabla mimi sijaota ndevu. Nikawasalimu, nikachukua koleo, nikalizamisha kwa nguvu zangu zote ili wajue bosi mpya kafika. Lilizama mpaka nusu. Nikainua, nikarusha. Nikafanya hivyo kama mara kumi hivi. Wao wamesimama, wananitazama.

"Baba," akasema Bi Mwanahawa, "samahani. Unasafisha njia au unachimba kaburi? Tujue tumwite shehe au mchungaji."

Wale wanawake walicheka hadi mmoja akakaa chini. Nikacheka na mimi, ingawa changu kilikuwa cha kujikaza.

Akaniita nikaone shimo langu. Chini ya tope palikuwa na tabaka jekundu la moramu, yaani zile kokoto na udongo mgumu unaomwagwa na kushindiliwa ili gari lipite. Unene wake kiganja tu. Nilikuwa nimelitoboa, na chini yake umejitokeza udongo mweupe wa mfinyanzi, huu wa milima yetu ya Kisarawe, ambao ukilowa unateleza kama sabuni. "Tope ndilo linatoka," akaniambia. "Moramu usiiguse. Moramu ndiyo barabara. Ukiitoa hiyo umebaki na kilima cha Mungu, na kilima cha Mungu hakikuumbiwa gari."

Basi masika yale yote nikawa mwanafunzi wa yule mama. Mimi Mlutheri, nimeajiriwa na masista wa Kikatoliki, nafundishwa kazi na Muislamu anayeniacha saa saba akaswali. Sijawahi kupata chuo kizuri kuliko hicho.

Alichonifundisha kwanza ni kutembea. Kabla ya kushika chombo chochote unaitembea njia nzima na fimbo, unachomeka kila baada ya hatua chache, ujue tope lina kina gani na wapi. Baada ya hapo unaangalia ni tope la namna gani. Lililoshuka leo ni uji, na uji hauchotwi kwa koleo, unavutwa. Likikaa siku mbili linakuwa ugali. Hapo koleo linafaa, tena koleo bapa lililosagika ncha, maana koleo jipya lina makali yanayokula moramu. Kila lilipoletwa koleo jipya, Bi Mwanahawa alilipeleka kwanza kwa mafundi ujenzi wakachanganyie zege mwezi mzima, likatulie tabia, ndipo alipoliruhusu barabarani. Tope likikauka na kupasuka, hiyo ni kazi ya reki. Jembe halina shughuli katikati ya njia, shughuli yake iko mtaroni, kuyapa maji pa kwenda. Na tope usilirundike upande wa mlimani hata kama mkono umechoka, kwa sababu mvua ya kesho italirudisha lote, na salamu juu.

Lakini chombo chenyewe hasa kilikuwa ubao. Ubao wa urefu wa mkono na nusu, chini yake umepigiliwa ukanda wa tairi kuukuu, na mpini mrefu unaofika kidevuni. Unauvuta kuja kwako huku unakwenda kinyumenyume, na ule mpira unafuata mgongo wa barabara, yaani ule mwinuko wa katikati unaomwaga maji pembeni, bila kuukwaruza. Tope linakwenda, moramu inabaki. Sijawahi kuuona dukani. Akina mama wale walijitengenezea wenyewe, kila mmoja na wake, na ole wako uchukue wa mwenzio, maana kila mpini ulikatwa kwa kimo cha mwenyewe. Nilifanya kazi na wa kuazima wiki tatu, mgongo ukaniuma kuliko ninavyoweza kueleza. Halafu asubuhi moja nikakuta wa kwangu umeegemezwa mlangoni pa stoo, umekatwa sawasawa na kidevu changu. Sikujua walinipima lini.

Tulifanya kazi namna hiyo miaka mingi. Kituo kikakua, kikapata gari la wagonjwa na dereva wake, Shabani, kijana wa Kisarawe mjini, mpole, ana mke na watoto wawili, kila asubuhi analifuta gari lile hadi unauona uso wako. Lakini akina mama wangu nao walikuwa wanazeeka, wakabaki wanne. Na masika moja kilima kilishuka vibaya, njia ikafunga siku mbili nzima. Hakuna aliyekufa, tunamshukuru Mungu, ila Sista Kalista alikonda. Akawaandikia rafiki zetu wa Ulaya: tusaidieni mashine ya kusafishia njia ndefu ya kuingilia.

Wakajibu kwa kitabu cha picha. Kumbe huko kwao njia ndefu ya kuingilia ni ugonjwa unaojulikana kabisa, ila wao unaletwa na theluji. Kitabu kizima kilikuwa cha mashine za kuondolea theluji! Kulikuwa na ya kusukuma kwa mkono. Kulikuwa na yenye bomba linalorusha theluji pembeni kama tembo anaoga. Na ukurasa wa katikati, trekta dogo jekundu lenye bamba la chuma mbele. Juu yake ameketi mzee wa rika langu, kavaa kofia ya sufu, na nyuma yake njia ndefu nyeusi imesafishwa mpaka mwisho wa picha. Nawaambia kweli, nilimwonea wivu yule mzee. Nilizunguka na kitabu kile kwapani siku tatu.

Kamati ikakaa: Sista, mwenyekiti wetu ambaye ni mwalimu mstaafu, Shabani, mimi, na Bi Mwanahawa aliyealikwa kwa heshima tu. Nikazieleza zile mashine kama mtu aliyezaliwa kwenye theluji. Ya mkono ni ndogo, itatuchukua siku nzima. Ya bomba itaziba kwa tope mara moja. Trekta ndilo lenyewe: unateremsha bamba, unasukuma, nusu siku kazi imekwisha, tena mtu mmoja tu. Mwenyekiti akawa anaitikia kwa kichwa. Bi Mwanahawa akakiomba kitabu, akaisogeza ile picha karibu na macho, akaitazama muda mrefu.

"Hiyo theluji ikishaondolewa," akauliza, "chini yake kuna nini?"

"Chini kuna barabara, mama," nikamjibu. "Ulitaka kuwe na nini, bahari?"

Kamati ikaangua kicheko. Yeye akatabasamu kidogo, akakifunga kitabu, akanirudishia kwa mikono miwili.

Chini ya theluji yao kuna lami. Chini ya tope letu kuna kokoto za unene wa kiganja. Hata ile picha ilikuwa inaonyesha, njia nyeusi tii, na mimi niliyefundishwa jambo hilo siku yangu ya kwanza sikuliona, nikamfanyia mzaha mbele za watu aliyeliona.

Trekta likaja. Padri akalibariki, watoto wa shule jirani wakaja kulishangaa, na mimi nikanunua kofia. Siyo ya sufu, ningepikika, ila kofia. Mvua za kwanza zilipoteremsha tope niliwasha, nikashusha bamba, na ilipofika saa nne asubuhi njia ilikuwa safi mpaka kwenye lami. Shabani akapita anapiga honi. Sista akapiga makofi. Weee, nilijiona nimefika! Wiki ileile tukawaambia akina mama wakapumzike, tutawaita tukiwahitaji. Tena aliyewaambia ni mimi. Bi Mwanahawa akasema, "Haya, baba," akauweka ubao wake begani, akaondoka na wenzake.

Nilisafisha njia ile mara saba. Kila mara tope ninalolisukuma pembeni lilizidi kuwa jekundu, na kila mara nikajiambia ni rangi ya kilima. Siku moja nilishuka kunywa maji. Bi Mwanahawa alikuwa anapita akitoka dukani, akasimama kwenye rundo langu, akaokota kokoto tatu, akaja kuzipanga kwenye kiti cha trekta. Akaenda zake. Nikazifagia kwa mkono, nikakaa. Aibu ya jambo lile ninayo mpaka leo.

Mara ya nane mvua ilinyesha tangu alfajiri. Saa moja asubuhi nilikuwa nimeshapitisha bamba njia nzima. Saa mbili Shabani akatoka kumfuata mzazi mmoja, Zuhura, mimba ya kwanza, aliyekuwa na uchungu tangu jana yake. Gari liliporudi na kuanza kuteremka kuelekea bondeni, nilikuwa nimesimama getini nalitazama. Lilikuwa linakuja taratibu, taratibu kabisa. Mara sehemu ya nyuma ikaanza kwenda kando, polepole, na magurudumu ya mbele yamekatwa yote upande wa pili bila kusaidia kitu. Likateleza hadi mtaroni, likaegemea ubavu.

Nilikimbia. Nilianguka mara mbili, na mara ya pili, nilipojiinua, niliona viganja vyangu vyeupe. Vyeupe pe. Nilikuwa nimeangukia udongo wa mfinyanzi, katikati ya barabara niliyoisafisha mwenyewe asubuhi ileile, na hapakuwa na moramu hata chembe.

Shabani alikuwa amepasuka paji la uso, lakini alishaufungua mlango wa nyuma. Zuhura hajaumia, analia, mama yake anaita Yarabi, Yarabi. Machela ipo, watu hawapo: ni mimi, Shabani na muuguzi mmoja, na kila tukipiga hatua tunarudi mbili. Nililifikiria trekta, nikaona haya hata kulitaja. Ndipo wakaja mbio kutoka kwenye nyumba za bondeni, wanawake wanne, na mbao zao na majembe. Walikuwa wamesikia kishindo. Bi Mwanahawa hakunitazama, ila aliniita kwa jina la mtoto wangu.

"Wawili mbele na majembe, kateni ngazi! Wengine shikeni machela. Baba Upendo, wewe mwenye miguu mikubwa kaa nyuma, utuzuie tusiporomoke."

Wakachonga vikanyagio kwenye ule utelezi, kimoja baada ya kingine, na sisi tukapanda nyuma yao, Zuhura amekamata kanga ya Bi Mwanahawa kwa meno. Hatukuwa tumemaliza nusu saa wodini alipojifungua mtoto wa kike. Niliposikia sauti ya kile kitoto nikakaa kwenye ngazi za nje, nikalia kukizidi.

Laiti habari ingeishia hapo. Wiki iliyofuata wakaja wakubwa wawili kutoka kwa wenye kituo, kuchunguza ajali. Jua lilikuwa limewaka siku nne. Waliikuta njia kavu, safi, haina tope wala jani. Wakauliza nani anaisafisha, nikanyoosha mkono, wakanipongeza. Kisha wakasema barabara nzuri namna hii haiangushi gari, dereva alikuwa anakimbia.

"Sikukimbia, mheshimiwa," akasema Shabani. "Muulizeni mzee Yeremia. Alikuwa getini, aliniona."

Wakanigeukia. Na mimi nikasema, Mungu anisamehe, "Mvua ilikuwa kubwa. Sikuona vizuri."

Nimeiandika sentensi hiyo na kuifuta mara mbili kabla ya kuiacha hapo. Shabani alinitazama tu, bendeji kwenye paji la uso, halafu akatazama chini. Akapewa barua ya kusimamishwa kazi wakati uamuzi unasubiriwa, na kila mtu alijua uamuzi utakuwa upi. Dereva aliyeangusha gari la wagonjwa na mzazi ndani yake, nani atamkabidhi funguo tena?

Siku mbili chakula hakikupita kooni. Ya tatu nikaenda kwa Bi Mwanahawa. Nilimkuta uani anapepeta mchele. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanisogezea kigoda. Nikamwomba aende yeye kwenye kamati akaeleze habari za moramu, kwa kuwa ndiye anayeijua kuliko sisi wote.

Aliendelea kupepeta. "Nikaseme nini, baba? Mimi kibarua niliyeachishwa. Watasema huyu mwanamke ana kinyongo, anaisingizia mashine. Wanayempongeza ni wewe."

"Watanifukuza, mama."

"Huenda." Akapuliza makapi. "Na Shabani, yeye hana tumbo?"

Hata ile ya asiyesikia la mkuu hakuniambia, ingawa niliingoja, maana afadhali ingekuwa adhabu nikajua nimelipa. Akanimiminia chai, akaniletea na muhogo. Nikala, mara ya kwanza baada ya siku mbili.

Kesho yake nikamwomba Sista aiite kamati, na wale wakubwa wawili, na tukutane barabarani, si ofisini. Nilibeba ndoo mbili za maji. Walipofika nikayamwaga pale gari lilipoanza kuteleza, nikasubiri yanyonyeke, nikamwomba mwenyekiti apite. Mwenyekiti wetu ni mtu mzima, mwenye viatu vya ngozi na msimamo. Alipiga hatua mbili. Ya tatu aliimalizia kwa makalio. Hakuna aliyethubutu kucheka, isipokuwa Sista Kalista aligeuka akaitazama milima kwa muda, mabega yanamtikisika.

Tulipokwisha kumwinua na kumfuta, nikachukua jembe nikalichimbua rundo la pembeni. "Barabara yenu iko humu," nikasema. "Nimeitoa mimi kwa trekta, mara nane. Shabani alikuwa anakuja taratibu. Nilimwona vizuri kabisa. Siku ile nilidanganya." Vitu vyangu vya stoo nilikuwa nimeshavifunga kwenye mfuko wa saruji.

Sikufukuzwa. Shabani alirudishwa kazini siku hiyohiyo. Mimi nilipewa karipio la maandishi, ninalo kabatini, na Sista akaniongezea adhabu yake mwenyewe: moramu yote irudi barabarani kabla ya mvua za vuli, akina mama waitwe, msimamizi awe Bi Mwanahawa, na mimi niwe kibarua wake. Nikamshukuru palepale, akadhani natania. Miezi ile ilikuwa mizuri kuliko yote niliyofanya kazi. Tulichekecha marundo, tukamwaga, tukanyunyiza maji, tukashindilia kwa pipa lililojazwa zege, na Bi Mwanahawa akaita "Baba Upendo, mgongo wa barabara huo, siyo wa ngamia!" hadi nikaota sauti yake.

Trekta tulilivua bamba, tukalifungia tela la kubebea moramu, na mpaka leo linabeba vizuri sana. Sina ugomvi na trekta, wala na rafiki zetu, waliotupa kwa moyo mweupe kile tulichokiomba. Mwombaji ndiye hakujua anachoomba.

Kwa hiyo Neema, waandikie barua nzuri ya shukrani. Waambie kwanza chini ya tope letu kuna nini, maana wao hawawezi kujua kama hatujawaambia. Kisha omba mashine ndogo ya kushindilia, na mabuti ya mpira kwa kila kibarua, saizi za wanawake, siyo yale makubwa yanayobaki kwenye tope mguu ukitoka. Kama kamati itang'ang'ania mashine ya kusukuma, basi bamba lake liwe limefungwa mpira chini, na liwe na vigurudumu vya kulizuia lisiguse moramu. Nimesikia hata huko kwenye theluji wapo wenye njia za kokoto, na hivyo ndivyo wanavyofanya. Laiti angekuwepo wa kuwauliza tangu mwanzo. Na kabla hujaipeleka barua posta, teremka kwa Bi Mwanahawa umsomee. Haoni vizuri siku hizi, lakini anasikia, na maswali bado anayo. Kila ninachokijua nimekitoa kwake, na nilimwambia hivyo siku naaga, akasema nisimlize, ana wageni.

Limebaki moja. Shabani aliporudi kazini hakunisemesha. Shikamoo alinipa, kwa sababu ana adabu, lakini machoni hakunitazama. Nilikwenda kwake kumwomba radhi. Mkewe akanipa maji, na yeye akasema, "Yamekwisha, mzee," kwa sauti ya mtu ambaye hayajamwisha. Sikumlaumu.

Vuli ilipopiga mara ya kwanza tope lilishuka kama kawaida yake. Tukalivuta kwa mbao, mimi na akina mama, kuanzia kulipopambazuka. Kwenye saa tatu ikaja simu, kuna mzazi anasubiri kijijini, hali si nzuri. Shabani akalitoa gari, akalisimamisha hapo getini nilipokuwa, akashusha kioo. Akanitazama usoni.

"Mzee, inapitika?"

Ningeweza kusema ndiyo palepale, nilikuwa nimeifanya mwenyewe. Nilimwomba anisubiri. Nikateremka kwa miguu mpaka kwenye lami, nikarudi, nimelowa hadi kiunoni, pumzi zinanipaa. Alikuwa ananisubiri, kioo bado kipo chini.

"Inapitika," nikamwambia.

Akaingiza gia, akaondoka. Nilisimama nikalitazama gari likiteremka mpaka bondeni, pale lilipoanguka, na Shabani hakusita hata kidogo.